Mtu Aliyetuchungia Viatu

Kama hujatembezwa na Mzee wa Mahekalu, Uvira hujaiona, hata kama ulizaliwa humo kama minye mwenyewe. Ninasema wazi. Miaka yangu yote nilipita mbele ya ile safu ya maduka ya zamani, beseni la ndagala kichwani, nikijua kwamba nyuma yake kuna depo, ghala la sementi, basi. Siku moja akanisimamisha katikati ya barabara.

"Mama Furaha, tua beseni."

"Nitue, samaki wangu waliwe na inzi?"

"Inzi watakula kidogo tu. Weye leo utaona kitu."

Akanipitisha katikati ya mifuko mpaka mbele ya ukuta mchafu. Akavua kofia, akapangusa nayo vumbi. Pakatokea shimo lililochongwa vizuri ukutani, kama kidirisha kisichofunguka, na juu yake rangi nyekundu iliyokataa kufa.

"Humu Bahindi ba zamani balikuwa banaomba," akasema. "Taa ilikaa hapa. Maua hapa. Mama mwenye nyumba alisimama palepale unaposimama weye na ile miguu yako ya udongo."

Nikaangalia miguu yangu. Nikaruka pembeni kama niliyekanyaga makaa! Nilikuwa mwanamke mzima, tayari na wajukuu, na siku ile nilirudi sokoni nikipiga kelele kama mtoto: jamani, kumbe kwenye sementi kulikuwa na Mungu! Wenzangu waliniuliza nimekunywa nini.

Jina lake sitalitaja. Kila mtu alimwita Mzee wa Mahekalu, hata pastori wake, hata mke wake akikasirika. Ni jirani yangu, ua wake na wangu zinashikana. Mrefu, mwembamba, koti la kijivu hata jua likichoma, na mkononi mwavuli uliokataa kufunguka tangu zamani. Hakuubeba kwa mvua. Aliubeba kwa kuonyesha. Akiuelekeza mahali, hata mbuzi waliangalia.

Alikuwa na mahekalu matatu, na alikuwa akiyasema kama mtu anayesema watoto wake: moja limekufa, moja ni mgonjwa, moja ni zima. Lililokufa ndilo lile la depo. Lililo mgonjwa liko kando ya ziwa, kadogo, kichwa chake kimechongoka kama gunzi la mahindi lililosimamishwa. Ziwa Tanganyika lilipopanda likalifuata mpaka kwenye ngazi, na maji hayajaondoka. Lililo zima liko ng'ambo, Bujumbura, mu kartiye, ule mtaa wa zamani wa Bahindi. Huko watu wanaomba mpaka leo. Kwa hiyo safari yake ilikuwa hivi: asubuhi unatembea naye katikati ya Uvira, unashuka ziwani, unafuata barabara mpaka Kavimvira, unavuka mpaka, unapanda gari kidogo, halafu unatembea tena mpaka mlango wa mwisho. Ukifika umechoka kama punda, lakini hutaki iishe.

Alikuwa mtu wa polepole. "Polepole, bageni bangu. Ukuta haukimbie." Hilo alisema mara ishirini kwa siku. Yeye mwenyewe alikuwa anakimbia! Akikaribia hekalu la ziwani miguu yake mirefu ilitangulia, sisi nyuma tunahema, na yeye tayari yuko ndani ya maji mpaka magotini, suruali imekunjwa, anagonga ukuta taratibu kwa vidole na kuuliza: "Habari ya leo? Umelala?" Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Kisha nikaona kwamba hachezi. Alikuwa anasikiliza kama plasta imeachia. Alijua kila ufa, upi ni wa zamani na upi umezaliwa wiki hii. Siku moja alikuta mtu amefunga mbuzi wake kwenye nguzo ya mlango. Alimfungua yule mbuzi, akampeleka kwa mwenyewe, akamwambia: "Mbuzi wako iko safi. Weye njo sikuelewi."

Alijua hayo yote kwa sababu ujanani alikuwa boi wa mfanyabiashara mmoja Muhindi hapa Uvira. Alifua, alipiga pasi ya makaa, alibeba kikapu cha maua. Shule aliiona kwa dirishani tu, kama minye. Lakini alikuwa na daftari mfukoni, na kila mahali aliifungua, akaiangalia, akaifunga, kisha akasema. Niliichungulia siku moja. Ilikuwa imejaa michoro ya nguzo, ya madirisha, ya taa, herufi hata moja hakuna. Nikamwambia, "Mzee, hii ni daftari ya mtoto wa chekechea." Akaniambia, "Na weye uliisoma yote, ulikwama wapi?"

Mdomo alikuwa nao. Na upuuzi wake pia alikuwa nao, sitamsafisha. Nyama ya ng'ombe aliipenda kuliko watoto wake. Wafugaji wakishusha ng'ombe kutoka milima ya Rurambo yeye alijua kabla ya mchinjaji. Lakini siku ya safari hakugusa nyama, hata mchuzi wake, na ole wako umkute unakula mushikaki njiani. "Tema! Tunaenda kwa watu!" Jioni akirudi, kitu cha kwanza kuomba ni nyama. Alikemea waliochelewa, na yeye ndiye aliyekuwa anachelewa. Mbwa aliwaogopa kupita kiasi; mara moja aliniweka minye mbele, minye mwanamke, akasema anachunga nyuma.

Na alikuwa shemasi wa kanisa, tena mkali. Wengine walikwenda kwa pastori kusema Mzee anaabudu sanamu. Pastori akaja nyumbani kwake, nilisikia yote kupitia ua.

"Mzee wangu, ni kweli unapiga magoti kule?"

"Pastori, minye ninaonyesha mlango tu."

"Na ndani?"

"Ndani ni kwao. Mtu akikuja kanisani kwetu, si tunamuachia kiti? Basi."

Pastori alikunywa chai yake. Baadaye naye akaenda safari, na mke wake. Alirudi akisema ile kengele, jamani, ile kengele!

Mpaka ukifungwa, maana mpaka wetu una tabia zake, wengine wangerudisha watu nyumbani. Yeye hapana. Aliwapanga pale Kavimvira, kando ya wanawake wanaobadilisha pesa, akaelekeza mwavuli wake Bujumbura, akalijenga hekalu zima kwa mikono. "Unaingia hivi. Chini ni baridi, jiwe jeupe, baridi inapanda mpaka kwenye goti. Juu ya kichwa chako kuna kengele, unainua mkono, ngaa! Mbele wamekaa miungu yao watatu, wamevaa kitambaa kinachong'aa kuliko bibi harusi. Yule wa kichwa cha tembo ana tumbo la mtu aliyeshiba vizuri, na pale mguuni kuna panya, kapanya kadogo, kanamuangalia." Wabadilisha pesa waliacha kazi. Askari wa mpaka akakaribia, akauliza, "Na yule panya hawamfukuze?" Watu walirudi nyumbani wanaapa wamefika.

Nami nilifika kwa miguu yangu. Safari yangu ya kwanza nzima niliifanya na wamama wa soko. Tukafika kwenye ule mlango wa mwisho. Ukuta mweupe, vibendera vya rangi ya machungwa juu, harufu ya ubani inakutana nawe barabarani. Mzee akanyoosha mikono: "Biatu!" Tukavua, yeye akavipanga kwenye ngazi, jozi kwa jozi, akakaa kando yavyo kama kuku juu ya mayai. Tukaingia. Nisiseme uongo, nililia. Sikujua nalilia nini. Ni kwamba kila kitu kilikuwa kimefutwa vumbi, na kule kwetu kimefunikwa sementi.

Tukitoka ndipo tulipoona sheria yake. Hupewi kiatu bure.

"Uliona nini?"

"Kengele, Mzee."

"Chukua. Na weye?"

"Kengele."

"Kengele imeshachukuliwa. Sema kingine."

Mmoja alisema taa za mafuta, mwingine shada la maua ya njano, mwingine panya, mwingine mtoto aliyelala kwenye mapaja ya mama yake katikati ya maombi. Yeye anatikisa kichwa, anachora kwenye daftari, anatoa kiatu. Niliwaza ni mtihani, kama wa mwalimu, kuona nani alilala. Nilikuwa wa mwisho. Vyote vimesemwa, jiwe la ngazi linanichoma nyayo kama kikaango, na yeye amekumbatia kandambili zangu.

"Uliona nini, Mama Furaha?"

"Niliona... yule wa kichwa cha tembo amevaa saa."

Ulimi wangu ndio huo. Nilitaka kandambili tu.

Uso wake ukafunguka. "Saa! Ya mkono?"

"Ya mkono. Inang'aa."

Akachora, polepole, akanipa kandambili zangu kwa mikono miwili kama zawadi. Nikavaa, nikasahau.

Niliendelea kusahau mpaka mjukuu wangu Neema alipopata diplomu yake. Wa kwanza mu ukoo wetu wote, na ninaisema hapa ili isikike. Nikamwambia, sikupikii sherehe, ninakupeleka kwa Mzee wa Mahekalu. Akaja na wenzake tisa wa kwaya, wasichana kwa wavulana, wanaimba tangu alfajiri. Mzee akanivuta pembeni kabla hatujaanza.

"Mama Furaha, hii njo ya mwisho. Magoti yamekataa. Sitavuka tena."

"Mzee, kila mwaka unasema."

"Mwaka huu si minye ninasema. Ni magoti."

Na kweli, pale ziwani hakukimbia. Aliingia majini akinishika bega. Lakini sauti ilikuwa ileile, na kwenye depo, mbele ya kile kidirisha chenye rangi nyekundu, akawaambia vijana:

"Hapa alikaa yule wa kichwa cha tembo. Njo wa kuanza mambo yote. Unafungua duka, unamwambia yeye kwanza. Unajenga, yeye kwanza. Na juu ya ile kazi, kule ng'ambo mutamuona amevaa saa mkononi. Mwenye kuanza lazima ajue saa."

Jamani. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili. Saa yangu! Alikuwa ameiogesha, ameivika nguo, ameipa na maana. Ilikuwa na maana kuliko vitu vingi vya kweli. Wangapi aliwaambia? Nilitembea barabara yote ya Kavimvira nikijiambia hawatakumbuka, vijana hawasikilizi. Kumbe hawa wa siku hizi wanasikiliza, wanapiga na picha.

Tulifika kwenye ngazi. Viatu, jozi kwa jozi. Minye nikasema nabaki kupumua. Vijana wakaingia, wakatoka.

"Mzee, saa hakuna," akasema Neema.

"Iko. Muliangalia vibaya. Rudini."

Wakarudi. Tukawasikia wananong'ona mle ndani, mlinzi wa hekalu anawaambia kitu, wanacheka. Wakatoka tena.

"Mzee, ana mikono minne. Tumeangalia yote minne. Saa hata moja."

"Labda ameivua anaoga!" akasema kijana mmoja wa sauti ya besi, na kwaya nzima ikapasuka kwa kicheko.

Mzee hakucheka. Mwavuli ulikuwa umelala magotini pake. "Ilikuwa," akasema. "Iko kwenye daftari."

"Basi ingia utuonyeshe weye mwenyewe," akasema yule wa besi, na hakusema kwa ubaya. "Twende, Mzee. Hatua tano tu."

Yeye akaanza kupanga viatu ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. Anachukua cha kushoto, anaweka kulia, anarudisha. Nikamuangalia ile mikono. Nikaelewa, na niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Watu wote wale, ngaa ya kengele, baridi ya jiwe, panya. Yeye aliyejenga hekalu kwa mikono pale Kavimvira hakuwahi kukanyaga ndani. Alikuwa amelikusanya kwetu, kitu kimoja kimoja, kwa bei ya kiatu.

Nikawaambia vijana waende kununua maji kwenye duka la kona. Nikakaa kwenye ngazi kando yake.

"Mzee, ile saa niliiweka minye."

"Weye."

"Minye. Miguu ilikuwa inaungua. Nilisema uongo."

Akanipiga bega na mwavuli, si kidogo. "Unajua nimeambia nani ile saa? Wazungu! Masista! Mwalimu wa historia, akaandika!"

"Nipige tena."

"Nitakupiga nyumbani." Akafungua daftari, akaitafuta, akaiangalia ile saa yake iliyochorwa vizuri na mishale yake miwili. "Nilifikiri ni kitu kizuri kuliko vyote," akasema. "Wengine wote waliona kengele."

"Na weye, juu ya nini hukuingia kuangalia?"

Akaonyesha mahali alipokaa. Hapohapo, kwenye ngazi ya pili. "Nilikuwa kijana. Mama wa nyumba niliyofanyia kazi alikuja hapa siku ya sikukuu yao, minye nimebeba kikapu cha maua. Akavua viatu, akaniambia, 'Ngojea hapa.' Nikangojea. Kila sikukuu, ngojea hapa. Halafu maduka ya wageni yalipopewa wenyeji na serikali, Bahindi wakaondoka kwa haraka, na hakuna aliyeniambia basi, imetosha."

"Mzee! Ni miaka mingapi hiyo?"

"Mingi."

"Na yule mama yuko wapi?"

"Atakuwa alikufa. Alikuwa mkubwa kuliko minye."

Damu ikanipanda. Sikumkasirikia yule mama, labda alisahau tu. Watu wakubwa wanasahau vitu vidogo wanavyowaambia wadogo. Nilikasirikia ngazi. "Sikiliza," nikasema. "Magoti yamekataa, ulisema mwenyewe. Leo ukirudi Uvira hujaingia, basi utakufa hujaingia. Simama."

"Na biatu?"

"Viibwe! Tutarudi pekupeku, kwani ni mara ya kwanza?"

Akavua. Ilichukua muda, kamba zilikuwa na mafundo ya zamani. Soksi zake zilikuwa na matundu, akazificha ndani ya kofia, na kofia akaificha ndani ya koti. Kando ya mlango kuna bomba la kunawia; kwa miaka yote alikuwa amewaelekeza wengine kwa mwavuli, leo akafungua maji kwa ajili ya miguu yake mwenyewe. Akaosha kidole kwa kidole. Nikamwambia inatosha, hakunisikia. Kisha akasimama kwenye kizingiti, mrefu, mweusi, na mlinzi wa hekalu, mzee wa Kihindi mwenye miwani minene, akainua macho.

"Karibu, Mzee," akasema kwa Kiswahili safi cha Bujumbura. "Wewe ni yule wa viatu. Kila mara nakuona. Nani alikukataza?"

"Hakuna," akasema Mzee.

Akaingia. Nilimuona akiinua mkono kutafuta kengele. Hakuangalia juu, alijua ilipo, tulimwambia vizuri. Ikalia. Jamani, ilivyolia! Njiwa waliruka kutoka juu ya paa. Hata vijana waliokuwa dukani walikuja mbio, chupa mikononi, wakasimama kwenye ngazi.

Tukangojea. Jua likaanza kugeuka. Neema akaangalia simu yake, akaniambia minye bibi yake, "Koko, mpaka utafungwa." Nikangojea tena. Mwishowe nikavua kandambili nikaingia.

Alikuwa amekaa chini, miguu imekunjwa, mbele ya yule wa kichwa cha tembo. Mlinzi amekaa kando yake. Kiganjani mwa Mzee kulikuwa na kipande cha kitu kitamu cha njano, amekiuma nusu. Nikafikiri wanaomba. Wapi! Walikuwa wanabishana.

"Maua hayakai hivi," Mzee alikuwa anasema. "Yule mama aliweka mekundu katikati, meupe pembeni. Minye njo nilibeba."

"Mama yupi?" akauliza mlinzi. Mzee akamtaja. Mlinzi akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Yule nilimkuta hapa nilipokuwa kijana. Ni kweli. Mekundu katikati." Akavuta sinia la maua, akalisogeza mbele ya Mzee. "Yapange basi."

Nikamgusa bega. "Mzee, saa inaenda. Mpaka."

Hakugeuka. Vidole vyake vilikuwa tayari ndani ya maua, vinachagua, vinatenga mekundu. "Nendeni," akasema.

"Twende na nani? Weye njo guide!"

"Weye unajua njia, Mama Furaha. Niachie. Nitalala kwa binti ya dada yangu, kesho nitavuka."

"Minye sijasoma, nitawaambia nini njiani?"

"Ulishasema saa," akasema. "Utapata kingine."

Na akacheka, kicheko kile cha kukohoa, na mlinzi akacheka naye bila kujua kwa nini. Nilitoka nikiwa siwezi kufunga mdomo. Vijana walikuwa wamepanga mstari barabarani, wanangoja waongozwe. Nikasimama mbele yao, mwanamke wa ndagala, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma kwa raha.

"Koko," akauliza Neema, "Mzee iko wapi?"

"Mzee ameingia," nikasema.